Askari Wanne Waliolala: Katekesi Kutoka Makumbusho ya Mji Mdogo



Vijana wapendwa, tukisikia sanaa ya Kanisa wengi tunawaza Roma tu. Leo nawapeleka Sansepolcro, mji mdogo wa Toscana nchini Italia. Maana ya jina lake ni Kaburi Takatifu. Makumbusho ya mji yanatunza kazi za Piero della Francesca, mzaliwa wa hapohapo, aliyefariki mwaka 1492. Yupo Bikira Maria wa Huruma, aliyeagizwa na chama cha waamini mwaka 1445: Mama amefungua joho lake, watu wamepiga magoti chini yake. Lakini iliyonishika mimi ni Ufufuko, iliyochorwa ukutani.

1. Karibu na Yesu, lakini usingizini
Kristo amesimama kaburini, mguu mmoja juu ya ukingo, bendera mkononi, jeraha ubavuni. Chini yake askari wanne wamelala fofofo. Inasimuliwa kwamba mmoja wao ni Piero mwenyewe, na kichwa chake kimeegemea mti wa bendera ya Bwana. Jamani! Unaweza kuwa mwanakwaya au mhudumu wa altare, ukamgusa Yesu kila Jumapili, na bado umelala.

2. Miti mikavu na miti mibichi
Upande mmoja miti ni mikavu, upande wa pili ina majani. Katikati yupo Mfufuka. Kama roho yako imekauka, usikate tamaa. Kitubio kipo.

3. Unachosoma leo
Mwaka 1944, katika Vita Kuu ya Pili, Anthony Clarke, ofisa wa mizinga wa Uingereza, alikuwa akiushambulia mji huo. Akakumbuka makala ya Aldous Huxley aliyoisoma zamani, iliyoiita picha hii bora kuliko zote duniani. Akasimamisha mizinga. Mji ukapona kwa sababu ya kitu kilichokaa kichwani mwa kijana. Wewe unajaza nini kichwani mwako kupitia simu?

Zoezi la wiki: Soma Mathayo 28:1-15, kisha andika sehemu moja ya maisha yako iliyolala.

Tusali: Bwana Yesu Mfufuka, tuamshe. Tusikuegemee tu, bali tukuone na kukufuata. Amina.