MUHOGO MCHUNGU HUZIMA MOTO WA MWILI

Mwili wako umejengwa kwa chembe hai ndogo sana. Huwezi kuziona kwa macho. Ndani ya chembe hizo mna vitu vidogo zaidi viitwavyo mitokondria. Kazi yake ni kama ya jiko. Chakula ni kuni. Hewa unayovuta huziwezesha kuni kuwaka. Hapo ndipo unapopata nguvu za kulima, kutembea na kufikiri.

Muhogo mchungu una sumu iitwayo sayanidi. Sumu hiyo ikizidi mwilini, mitokondria hushindwa kutumia hewa. Moto hufifia. Mtu huona kizunguzungu na hutapika. Anaweza kufa. Mpeleke zahanati upesi.

Mwaka 1988, wakati wa ukame, watu wa wilaya ya Masasi walidhurika hivyo. Walikuwa na njaa, wakatengeneza unga kwa njia ya haraka iitwayo chinyanya. Muhogo ulipondwa na kuanikwa upesi upesi, na sumu ikabaki.

Kuna pia ugonjwa wa konzo. Huwapata wanaokula muhogo wenye sumu kwa wiki nyingi, bila samaki wala kunde. Miguu yote miwili hukakamaa ghafla, wala haiponi. Huwapata zaidi watoto na akina mama. Ng'ambo ya Ruvuma, huko Msumbiji, watu zaidi ya 1,000 waliupata mwaka 1981. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionekana mkoani Mtwara pia.

Konzo haina dawa ya kuiponya, lakini inazuilika. Kupika tu hakutoshi. Fanya hivi:

1. Changanya unga wa muhogo na maji mpaka ulowe wote.
2. Utandaze juu ya ungo au mkeka safi. Unene usizidi sentimeta 1.
3. Uache juani saa 2, au kivulini saa 5. Sumu hutoka na kupotelea hewani.
4. Pika ugali siku hiyo hiyo.

Kula ugali huo kwa samaki, kunde, mbaazi au choroko. Vyakula hivi huusaidia mwili kuondoa sumu iliyobaki.

Njaa isitufanye tuharakishe. Saa 2 za kusubiri ni chache kuliko miaka ya kutembelea fimbo.

Maswali ya kujadili:
1. Mitokondria hufanya kazi gani?
2. Kwa nini unga hutandazwa mwembamba?
3. Kijijini kwenu muhogo mchungu hutayarishwaje?