Meza Imebonyea? Msasa Usubiri

Nyumba nyingi za mji wetu wa Baraka, kando ya ziwa, zina sakafu ya saruji au ya udongo. Mbao ngumu tunayoigonga na kuikwaruza kila siku ni ya meza, milango na mabenchi ya kanisa. Ndiyo inayoulizwa hapa, ingawa mwenye sakafu ya mbao naye ana lake mwishoni.

Fundi, mchi umeanguka juu ya meza yetu ya mvule, ukaacha mbonyeo. Tupige randa?

Hapana, randa itapunguza uso mzima wa meza ili ulingane na kasoro moja. Chunguza kwanza: kama nyuzi za mbao hazijakatika, basi zimebanwa tu, na zikipata maji na joto huvimba na kuinuka.

Kwangua vanishi mahali palipobonyea, maana mvuke haupenyi vanishi vizuri. Dondoshea maji kidogo, yaache yanywewe kama nusu saa. Weka juu yake kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa, kisha kiguse kwa ncha ya pasi. Pasi ya makaa inafaa kabisa, ila kung'uta majivu na uifute vizuri chini, la sivyo masizi yataacha doa utakaloshindana nalo mwezi mzima. Hesabu hadi kumi, inua, tazama. Kitambaa kikikauka, kiloweshe tena. Mbonyeo wa mchi hauishi kwa mguso mmoja. Huinuka kidogo kidogo, na ukisikia harufu ya kuungua, umeshachelewa.

Ukimaliza, acha meza ikauke siku mbili, na zaidi wakati wa mvua, kwa kuwa hewa ya kando ya ziwa ni nzito. Hapo ndipo msasa unapoingia: namba 180, kisha 220, ukifuata mkondo wa nyuzi.

Jirani alifanya hivyo, meza ikatoka weupe.

Hakukwangua vanishi. Unyevu umenaswa ndani yake, mbao yenyewe ni nzima. Asubiri siku chache, ukungu mwepesi huweza kuondoka wenyewe. Usipoondoka, asugue vanishi hiyo na kupaka upya.

Na mkwaruzo wa kisu?

Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo, kwa kuukata. Usiponasa, mkwaruzo umeishia kwenye vanishi: sugua taratibu, paka upya, basi. Ukinasa, nyuzi zimekatika, na pasi haiungi kilichokatika. Chukua vumbi la mbao ile ile, lichanganye na vanishi hadi liwe uji mzito, jaza juu kidogo ya usawa, likikauka sugua. Wengi hutumia gundi. Mimi siipendi sehemu inayoonekana: ikikauka hainywi vanishi kama mbao, na kiraka hung'aa peke yake.

Funika pua na mdomo unaposugua mvule, vumbi lake huwasha ngozi na kukereketa kifua. Wala usiharakishe kutia rangi mahali palipofifia. Mvule uliosuguliwa karibuni huwa wa manjano, kisha mwanga huugeuza kahawia wenyewe.

Mama mkwe anasema tupake mawese, yapo tele.

Mwambie kwa heshima kwamba mawese ni ya kupikia sombe. Hayakauki: hubaki yakinata, hukusanya vumbi, huchacha, na siku utakayotaka vanishi haitashika. Mafuta ya kitani ndiyo hukauka. Lakini vitambaa ulivyopakia usivikunje na kuvirundika, vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje.

Sakafu yangu ni ya mbao. Kuna tofauti?

Adui wako mkubwa ni mchanga wa ufukweni unaoingia na ndala, kwa kuwa ni mgumu kuliko mbao yoyote. Weka mkeka mlangoni na ufagie kila siku. Unaposugua mkwaruzo, usichimbe mahali pamoja. Panua hadi mwisho wa ubao, kwani mwanga wa jioni wa pembeni hufichua kila bonde. Chini ya miguu ya viti gundisha vipande vya blanketi kuukuu. Usitumie mpira wa ndani wa baiskeli, ingawa wengi wanao: huacha alama nyeusi kwenye vanishi.