Kutembea Kando ya Ziwa ili Kurudisha Nguvu Baada ya Ugonjwa



Mtu akitoka hospitali baada ya malaria kali, upasuaji au kuvunjika mguu, jamaa zake humwambia: “Lala upumzike, kazi zote tutafanya sisi.” Huo ni upendo, na siku za kwanza anahitaji kweli kupumzika. Lakini mapumziko yakizidi, ugonjwa huondoka na udhaifu hubaki. Somo hili linaeleza jinsi ya kurudisha nguvu kwa kutembea kidogo kidogo kuelekea ziwani.

KWA NINI KULALA SANA HUDHOOFISHA?

Misuli isiyotumika hupungua. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wazee wenye afya njema waliolala kitandani kwa siku 10 tu walipoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu. Hao hawakuwa wagonjwa. Je, mgonjwa ambaye hali vizuri itakuwaje?

Pia viungo hukakamaa, kizunguzungu huja mtu anaposimama, na damu inaweza kuganda katika mishipa ya miguu. Mtu aliyekuwa akienda mwenyewe kuchukua posho huanza kutuma watoto, na mwisho hata chooni hushikwa mkono.

KABLA YA KUANZA

Muulize mhudumu wa afya kama uko tayari. Ukiwa bado na homa, subiri. Ukiwa umevunjika mguu, usiukanyage mpaka uruhusiwe. Mama aliyejifungua kwa upasuaji atembee taratibu, wala asibebe ndoo ya maji wala kuni mpaka aambiwe kuwa kidonda kimepona.

HATUA KWA HATUA

1. Keti kwanza ukingoni mwa kitanda kwa dakika 1 au 2, ndipo usimame.

2. Siku za mwanzo tembea dakika 5 asubuhi na dakika 5 jioni kuzunguka nyumba.

3. Ukiona hujachoka sana kesho yake, ongeza dakika 1 au 2. Ukichoka sana, rudi kwenye kipimo cha jana. Pole pole ndio mwendo.

4. Jipime kwa mazungumzo. Ukiweza kuongea na mwenzako huku unatembea, mwendo unafaa. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo.

5. Ukifikia dakika 15 bila shida, anza safari ya kuelekea ziwani. Kumbuka: kwenda ziwani ni kuteremka, kurudi ni kupanda. Usingoje uchoke ndipo ugeuke. Geuka ungali na nguvu.

6. Lengo ni kufikia dakika 30 kwa siku, siku 5 za wiki.

UKITUMIA FIMBO

Watu wengi hushika fimbo upande wa mguu mbovu. Sivyo. Ishike kwa mkono wa upande wa mguu mzima, na uipeleke mbele pamoja na mguu mbovu. Kichwa cha fimbo kifike kwenye kifundo cha mkono unaponing’inia. Penye ngazi au mteremko mkali, ukipanda tanguliza mguu mzima. Ukishuka, tanguliza fimbo na mguu mbovu.

KWA NINI ZIWANI?

Mazoezi yanayochosha moyo huachwa upesi. Mvua za Machi hadi Mei zikiisha, majani ni mabichi, vumbi halijaanza, na asubuhi kuna hewa baridi. Utawaona wavuvi wakirudi na sato, na korongo wakitembea majanini. Keti, pumzika, salimiana na watu. Aliyefungiwa ndani muda mrefu huponywa pia na mazungumzo. Anayekaa mbali na ziwa atumie barabara ya kijiji chake kwa hatua hizi hizi.

Lakini jihadhari:

- Nenda asubuhi jua likishatoka, tena na mwenzako. Viboko hutoka majini kula majani kuanzia jioni hadi alfajiri. Usisimame kamwe kati ya kiboko na maji.
- Usiingie majini kuosha miguu. Konokono wa maji baridi wanaweza kueneza kichocho.
- Vaa viatu vinavyobana kisigino. Kandambili huteleza kwenye tope.
- Beba maji safi ya kunywa.

SIMAMA, NENDA KITUO CHA AFYA

Usiendelee kutembea ukiona mojawapo ya dalili hizi: maumivu ya kifua, kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, kuzimia, mguu mmoja kuvimba na kuuma nyama ya nyuma ya goti kwenda chini, homa kurudi, au kidonda kutoa damu au usaha.

KWA JAMAA ZA MGONJWA

Msimfanyie kila kitu. Mwacheni achukue kikombe chake, aende mlangoni mwenyewe, nanyi muwe karibu asianguke. Saa nusu ya kumsindikiza njiani ni msaada kama uji mnaompikia.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Fimbo hushikwa upande gani?
2. Kwa nini ugeuke kabla hujachoka?
3. Je, kuna jirani yako aliyepona lakini hajatoka nje? Nani atamsindikiza kesho asubuhi?