Darasa la tatu na bado anababaisha

SWALI: Mwanangu wa kiume yuko darasa la tatu, kusoma bado anababaisha. Dada yake alipita shule hiyohiyo na anasoma vizuri. Kosa ni la mtoto au la shule?

JIBU: Mama, usimwite mzito. Tangu elimu bila malipo ianze Tanzania mwaka 2016, madarasa mengi yamefurika na kitabu kimoja hugombewa na watoto kadhaa. Aliyebanwa pembeni huona herufi kwa upande, huitikia pamoja na wenzake, na mwalimu asigundue. Wavulana mara nyingi huachwa nyuma na wasichana katika kusoma. Wengi huficha aibu kwa utundu, wakaishia kuchapwa badala ya kufundishwa. Hilo linaniuma.

Lakini hali hii inaweza kubadilika: nchini Kenya, mpango wa kufundisha kusoma uitwao Tusome, ulioanza 2015, ulimpa kila mtoto kitabu chake, ukawapa walimu msaada wa karibu darasani, na usomaji ukapanda.

Leo jioni chukua kitabu chochote cha watoto, funika picha, mwonyeshe sentensi asiyoijua. Akikwama kwenye "mbwa" au "ng'ombe", mrudishe kwenye silabi, dakika kumi kila siku. Kisha mwombe mwalimu wake akuazime kitabu kila Ijumaa.