Dhoruba Ikichacha, Bandari Yoyote ni Bandari?

Waingereza wana msemo wa kibaharia, “any port in a storm”, yaani dhoruba ikichacha, bandari yoyote ni bandari. Siku hizi unasemwa zaidi nchi kavu kuliko baharini. Aliyekosa basi la mwisho akalala gesti yenye kunguni atausema, na aliyekubali kibarua asichokipenda kwa kuwa kodi ya nyumba imefika atausema pia. Wapo hata wanaouchukulia kama kanuni ya sheria, wakiamini kwamba meli iliyo taabani haiwezi kukataliwa bandarini. Haya ni majibu ya maswali yanayoulizwa mara nyingi.

Msemo huu ulianza lini?

Katika maandishi unapatikana kwenye riwaya ya John Cleland, ambayo sehemu yake ya pili ilitoka mwaka 1749. Kitabu hicho kilipata umaarufu wa kupigwa marufuku kwa ukware wake, na Cleland alikiandika akiwa gerezani London kwa sababu ya madeni. Anayeutamka msemo humo ni baharia, na wala hazungumzii bahari. Anatania, tena utani usiofaa kurudiwa mbele ya wakwe. Hilo lenyewe ni ushahidi kwamba wasomaji wa wakati ule walikuwa wameshauzoea, maana mzaha hauchekeshi kama mtu hajui unachezea nini.

Kejeli hiyo haijautoka mpaka leo. Anayeusema anakiri kwamba alichopata si alichokitaka. Kwa hiyo ukikaribishwa kwa Mwingereza usiku wa mvua, shukuru kwa maneno mengine.

Je, sheria iliwahi kukubaliana nao?

Kwa karne nyingi, karibu kabisa. Ilikuwa desturi ya mataifa kwamba chombo kilichosukumwa na tufani hadi bandari ya watu hakitozwi faini kwa kuingia bila ruhusa, wala ushuru wa shehena ambayo hakikukusudia kuishusha hapo. Mwaka 1809, katika shauri la meli iitwayo Eleanor, Jaji William Scott wa mahakama ya bahari ya Uingereza aliweka sharti: dhiki iwe ya kweli na iwe nzito. Hofu ndogo ndogo hazitoshi, la sivyo kila mkwepa kodi angesingizia upepo.

Ila desturi hiyo haikuwa na huruma kama inavyosikika. Februari 1835, meli ya Marekani iitwayo Enterprise, iliyokuwa safarini kwenda Charleston, ilizidiwa na hali mbaya ya hewa ikaingia Bermuda, koloni la Uingereza. Ndani yake mlikuwa na watumwa 78, na Uingereza ilikuwa imekomesha utumwa katika makoloni yake mwaka uliotangulia. Watu wale walipelekwa mahakamani, wakaulizwa mmoja mmoja kama wanataka kubaki huru. Karibu wote walisema ndiyo, wakabaki. Miaka ishirini hivi baadaye, tume ya madai kati ya nchi hizo mbili ilipolisikiliza suala hilo, mwamuzi wake, Joshua Bates, alisema meli iliyoingia kwa kulazimishwa na dhoruba huja na sheria za kwao. Uingereza ikatakiwa kuwafidia Wamarekani. Walioponea bandarini walikuwa wale waliochagua uhuru, lakini sheria ya dhoruba ilimhesabia haki aliyewamiliki.

Na leo, nchi inaweza kuikataa meli?

Inaweza, na hutokea. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unairuhusu meli inayopita kwenye maji ya nchi nyingine kusimama na kutia nanga ikiwa imepatwa na dhiki. Hausemi popote kwamba nchi hiyo lazima iifungulie bandari.

Kilichobadilisha mambo ni shehena. Jahazi la mbao likizama gatini, hasara ni ya mwenyewe na majirani zake. Meli ya mafuta ikipasuka, ni hasara ya pwani nzima. Desemba 1999 meli ya Erika ilikatika vipande viwili karibu na Ufaransa, na mafuta mazito yakatapakaa kwenye fukwe za Brittany. Kuanzia hapo serikali za nchi za pwani zikawa na woga. Mwaka mmoja baadaye, meli iitwayo Castor, ikiwa na tani zaidi ya 29,000 za petroli, ilipata ufa kwenye sitaha katika Bahari ya Mediterania. Nchi moja baada ya nyingine ikakataa kuipokea hata kwenye ghuba tulivu ili ipakuliwe. Ikakokotwa huku na huko kwa takriban siku arobaini, bomu linaloelea, hadi petroli ilipohamishiwa meli nyingine karibu na Tunisia.

Castor ilinusurika. Prestige haikunusurika. Novemba 2002 ilijeruhiwa na dhoruba karibu na Galicia, Hispania, ikiwa na tani 77,000 za mafuta mazito. Mabaharia wake wengi waliokolewa kwa helikopta, lakini meli yenyewe iliamriwa ipelekwe mbali na pwani. Ilikokotwa kwa siku kadhaa kwenye mawimbi, kisha ikakatika na kuzama, na mafuta yakarudi pwani ileile iliyokuwa ikilindwa, yakaenea mbali kuliko ambavyo yangeenea kama yangemwagika ndani ya ghuba moja. Kwa maoni yangu, hakuna tukio linaloonyesha vizuri zaidi kwamba kuifukuza meli si sawa na kulifukuza tatizo.

Ndipo Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, likatoa miongozo Desemba 2003 na kuihuisha 2023: nchi iyapime mazingira ya kila meli kabla ya kukataa, na itambue mapema maeneo yenye maji matulivu yanayofaa. Ni miongozo tu, hailazimishi. Katika bahari yetu hii ya Hindi, meli ya makontena ya X-Press Pearl ilivujisha asidi ya nitriki mwaka 2021. Bandari za Hamad huko Qatar na Hazira huko India hazikulishusha kontena lililokuwa likivuja. Meli ikaendelea hadi Colombo, ikawaka moto na kuzama hapo, na chembe za plastiki zikafunika fukwe za Sri Lanka.

Watu waliomo wanaweza kukataliwa?

La. Kila nahodha anawajibika kuwaokoa walio hatarini, na nchi za pwani zinapaswa kuwa na huduma ya uokoaji. Kwa ukanda wetu, kituo cha kanda kiko Mombasa, na Dar es Salaam kipo kingine chini ya TASAC, shirika la serikali ya Tanzania linalosimamia usafiri wa majini. Kwenye redio ya VHF, chaneli ya dharura ni namba 16. Tamka “Mayday” mara tatu, taja jina la chombo, mahali kilipo, shida iliyokipata na idadi ya watu, kisha sikiliza.

Nani hulipa gharama za bandari ya dharura?

Hapa wengi hushtuka. Chini ya Kanuni za York-Antwerp, ambazo chimbuko lake ni mkutano wa York wa mwaka 1864, gharama za kuinusuru safari, ikiwamo ya kuingia bandari isiyo kwenye ratiba, hugawanywa kati ya mwenye meli na wenye mizigo wote kwa kadiri ya thamani. Mfanyabiashara wa Kariakoo ambaye kontena lake halikuguswa hata na tone la maji anaweza kupelekewa ankara. Mwenye bima ya mzigo huiachia kampuni yake itoe dhamana. Asiye na bima hutakiwa kuweka fedha taslimu kabla ya kuruhusiwa kuchukua kontena, kwa hiyo bima iulizie kabla meli haijang'oa nanga.