Dondoo muhimu: Mtoto anayelazimika kurudiarudia matendo

Mtoto anayenawa mikono hadi ngozi ipasuke, au anayefuta na kuandika upya sentensi ileile, si mkaidi wala hakupagawa. Wazo la hofu humjia bila hiari, naye hurudia tendo ili atulie. Utulivu huo haudumu.

Nyumbani, kosa kubwa hutokana na upendo. Mzazi akijibu kila usiku kwamba mlango umefungwa, au akiosha sahani upya ili mtoto ale, hofu huota mizizi. Msaada wa namna hiyo upunguzwe kidogo kidogo, kwa makubaliano na mtoto, kuanzia jambo jepesi. Kufoka huongeza hofu.

Jijini Stockholm, tatizo hili huitwa kwa Kiswidi tvång, na hutibiwa na BUP, huduma ya afya ya akili kwa walio chini ya miaka 18, bila malipo. Simu 1177 hutoa maelekezo. Mkalimani wa Kiswahili aombwe mapema. Mtoto asitwishwe kazi ya kutafsiri. Tiba humzoeza kukabili hofu bila kurudia tendo. Utafiti wa Karolinska Institutet wa 2021, wenye washiriki 152, ulionyesha kuwa kuanzia tiba kwa intaneti, kisha ana kwa ana kwa wasiopata nafuu, si duni kuliko ana kwa ana pekee.

Shuleni, kikosi cha afya ya wanafunzi (elevhälsan), chenye muuguzi na mwanasaikolojia, kinaweza kupanga na mwalimu muda zaidi wa mtihani na ishara ya kutoka darasani kimyakimya. Misaada hii ipunguzwe kadiri tiba inavyoendelea.