Padre Alexis Kagame na Neno “Mtu”



Mara nyingi mzazi ampelekaye mwanawe seminarini hutuuliza hivi: “Padre, mwanangu anataka kuhubiri Injili na kutoa Sakramenti. Mbona kwanza anakalishwa miaka kusoma Falsafa? Nayo itamfaa nini Mgogo ambaye mtama wake umekauka shambani?” Swali hilo ni la haki, wala halitaki jibu la mkato. Leo twapenda kulijibu kwa kuyatazama maisha ya padre mmoja wa nchi jirani, aliyekuwa profesa wa Falsafa, na ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuuliza maana ya neno ambalo sisi sote hulitamka kila siku bila kulifikiri.

Padre Alexis Kagame alizaliwa mwaka 1912 huko Kiyanza, Rwanda, katika ukoo wa watu waliotunza habari za kale za ufalme. Akapata daraja ya Upadre mwaka 1941, akawa mhariri wa Kinyamateka, gazeti la Kikatoliki la nchi ile. Wakati huo huo alikaa miguuni pa wazee wa ikulu, akisikiliza tenzi za wafalme zilizokuwa zimehifadhiwa vichwani tu, akaziandika. Alijua ya kuwa mzee akifa na hazina yake, hakuna duka la kwenda kununua nyingine.

Mwaka 1952 alikwenda Roma, na mwaka 1955 akapata udaktari wa Falsafa katika Chuo Kikuu cha Gregoriana. Kazi yake ilichapishwa mwaka 1956 kwa jina “La philosophie bantu-rwandaise de l’être”, yaani falsafa ya Wabantu wa Rwanda juu ya kuwako. Alirudi kwao akafundisha, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda kilipofunguliwa mwaka 1963 akawa miongoni mwa maprofesa wake wa kwanza. Mwaka 1976 akatoa kitabu kingine, “La philosophie bantu comparée”, akizilinganisha lugha nyingi za Kibantu. Alifariki Nairobi tarehe 2 Desemba 1981.

Basi, alifundisha nini? Kabla yake Padre Placide Tempels, mmisionari Mbelgiji wa Katanga, alikuwa ameandika mwaka 1945 ya kuwa Wabantu wanayo falsafa yao. Kagame hakutaka kupokea neno hilo kwa sababu tu limesemwa, wala kulikataa. Alisema: tuzichunguze lugha zenyewe. Akayakuta mafungu manne. La kwanza ni umuntu, kiumbe chenye akili. La pili ni ikintu, kisicho na akili, kama mnyama, mti na jiwe. La tatu ni ahantu, mahali pamoja na wakati. La nne ni ukuntu, yaani namna ya kuwa: wingi, sifa, uhusiano na mengineyo. Mgiriki Aristotle alihesabu mafungu kumi. Kagame alionyesha jinsi yote kumi yanavyoingia katika haya manne. Shina lao ni moja, -ntu. Naye Mungu hakumweka ndani ya fungu lolote, kwa kuwa Yeye ndiye aliyetangulia yote.

Msomaji asidhani ya kuwa mambo hayo ni ya Kinyarwanda tu. Mrangi husema muntu, Mgogo husema munhu, nasi katika Kiswahili twasema mtu na kitu. Tena sikiliza: tukisema “alipolala”, je, twataja mahali au wakati? Vyote viwili! Silabi moja, -po-, hubeba mahali na saa pamoja, kama Kagame alivyosema juu ya ahantu. Au chukua usemi mashuhuri wa Mfaransa René Descartes: “Nafikiri, basi nipo.” Kagame aliona ya kuwa Mbantu akisikia “mimi ni”, hungoja: ni nani? ni nini? uko wapi? Kwetu hakuna kuwako kusikokuwa na mahali. Hata “nipo” hiyo imebeba mahali ndani yake.

Hata hivyo, mwalimu mwema hupimwa, wala kumpima si kumdharau. Paulin Hountondji, mwanafalsafa wa Benin, alipinga akisema ya kuwa sarufi ya kabila zima si falsafa. Falsafa ni kazi ya mtu anayefikiri, kutoa hoja na kukubali kupingwa. Nasi hapa katika uwanda wa kati wa Tanzania tunao ushahidi wa kuongeza. Katika mkoa huu wa Dodoma, upande wa Kondoa na Chemba, wanakaa Wasandawe, ambao lugha yao ya kudodosa ulimi si ya Kibantu, na Waburunge, ambao lugha yao ni ya Kikushi. Ufunguo wa -ntu haufungui milango ya nyumba zao. Je, kwa hiyo hawajui mtu ni nini? La, hasha! Wanajua kama sisi tujuavyo. Kumbe heshima ya mwanadamu haikutundikwa juu ya silabi. Lugha yaweza kutuonyesha ukweli, lakini siyo inayouumba.

Tena Kiswahili chenyewe hutuonya tusiende mbio. Mti na mkate huanza kwa m-, wala si watu. Kipofu, kiziwi na kilema huanza kwa ki-, kana kwamba wamewekwa katika ghala moja na kiti na kikapu. Lakini tazama hekima ya wazee wetu: hatusemi “kipofu kimekuja”. Twasema “kipofu amekuja”. Jina limemtupa nje ya fungu la watu. Kitenzi kimekwenda kumshika mkono na kumrudisha nyumbani. Siku hizi twasema “mtu mwenye ulemavu”, na ni vyema sana, kwa maana neno mtu limetangulia.

Hapo, ndugu wasomaji, ndipo Falsafa inapoacha kuwa mchezo wa wasomi. Mwaka 1994, miaka 13 baada ya Kagame kufariki, katika nchi yake mamia ya maelfu ya watu, hasa Watutsi, waliuawa, na wengi wao waliuawa na jirani zao waliosema nao lugha moja. Wengine waliuliwa ndani ya makanisa walimokimbilia. Kabla panga halijainuliwa, neno lilikuwa limebadilishwa: waliitwa inyenzi, yaani mende. Walihamishwa kwanza kutoka fungu la umuntu hadi fungu la ikintu, na baada ya hapo mkono ukaona kazi nyepesi. Nchi iliyokuwa imetoa mwalimu wa neno umuntu ndiyo iliyolia hivyo. Kulijua neno hakukutosha.

Tusiwanyoshee Wanyarwanda kidole. Tujiulize wenyewe. Kutoka vijiji vya uwanda huu, mvua zinapokosekana, wasichana wengi huondoka kwenda mijini kufanya kazi za nyumbani. Wengine wamo katika nyumba za Wakatoliki wanaosali Rozari kila jioni. Je, tunamwitaje yule msichana? Kwa jina lake la Ubatizo, au “hiki kisichana hakina akili”? Na mwombaji aketiye mlangoni pa kanisa, twasema “amekaa”, au “limekaa tena lile”? Anayetumia ki- na li- kwa mwanadamu amekwisha kutoa hukumu, hata kama hajainua mkono.

Kwa hiyo tumjibu yule mzazi. Falsafa haitauhuisha mtama uliokauka. Bali padre aliyefundishwa vema kuuliza “mtu ni nini?” hatakubali mwenye njaa ahesabiwe kuwa mzigo tu, wala mtoto mwenye ulemavu afichwe chumba cha nyuma wageni wanapofika. Ndiyo sababu twamkalisha miaka ile: ajifunze kutopokea neno kabla ya kulipima, kama Kagame alivyofanya.

Wazazi nao wanayo sehemu yao ya somo hili. Jumapili hii, baada ya chakula, mwiteni babu au bibi, mkamwulize mbele ya watoto: kwa lugha yetu mtu huitwaje, na ni tendo gani likifanywa wazee husema, “Huyo si mtu”? Watoto wayaandike majibu katika daftari. Kisha kila mmoja akumbuke jinsi alivyomtaja mdogo wa nyumba wiki iliyopita, na pale alipokosea, aanze kwa kumwita jina lake.